Mkono Juu ya Vyombo Safi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mama mmoja wa Mahango alilazwa kwenye meza ya upasuaji ili atolewe kizazi, na kizazi chake hakikuwa na tatizo lolote. Alikuwa amekuja kushonwa ngiri ya kinena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni, nikiwa na kalamu na ubao wa kuandikia, na kazi yangu ilikuwa kupima jinsi wauguzi wanavyosikilizana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010, katika kituo cha upasuaji cha mtu binafsi mjini Kasese. Leo hakipo tena, na katika jengo lake wanauza mabati. Kilikuwa na tawi Bwera, karibu na mpaka, na mwenye mali, mfanyabiashara aliyekuwa na ofisi yake huko Bwera, alikuwa ameamua kupunguza wafanyakazi. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wa matawi yote mawili waliletwa Kasese wapimwe mbele ya mkufunzi kutoka Kampala. Atakayefikisha wastani wa tatu kati ya nne angepewa mkataba mpya. Atakayepungukiwa angekwenda nyumbani. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu, hata mfagizi.

Kilichopimwa hakikuwa kazi ya mikono. Kushika uzi, kuhesabu pamba, kuvaa glavu bila kuzichafua, hayo yalikuwa na mtihani wake. Sisi tulitazama yale mengine: kama muuguzi anafahamu kinachoendelea chumbani, kama anasema anachokiona, kama anashirikiana na wenzake, kama anatulia mambo yanapoharibika. Watazamaji walitakiwa wawe wawili, kila mmoja aandike alama zake bila kuchungulia za mwenziwe, ndipo walinganishe. Wa kwanza alikuwa mkufunzi mwenyewe, wa pili mimi.

Sikuwa na cheti cha kazi hiyo. Niliacha shule kidato cha pili, nikawa mtunza stoo kwenye kinu cha pamba, na mengi ninayoyajua niliyapata kwa kuazima vitabu vya watu na kuvirudisha. Mwenye mali alinichukua kwa sababu mkufunzi hakujua Kikonzo, lugha ya wenyeji wa mlimani, wala Kiswahili cha huku. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari aliyehamishiwa hapa kutoka kaskazini. Kiswahili nilikipata kambini, Kikonzo kwa watoto wa majirani, na Kiingereza vitabuni. Mwongozo wa upimaji niliusoma hadi mwisho, kisha nikaanza upya. Kanuni moja niliipenda: andika ulichokiona na ulichokisikia, usiandike unachokidhani.

Basi niandike nilichokiona.

Daktari mpasuaji alikuwa mwanajeshi mstaafu. Wote walimwita afande, naye aliitika kwa cheo hicho kwa furaha kuliko alivyoitika kwa udaktari. Aliingia chumba cha upasuaji na buti zilezile za mpira alizovaa shambani kwake. Katika chumba cha kunawia aliweka chupa ya chai na mayai ya kuchemsha, na maganda ya mayai aliyaacha kwenye sinki ambalo wote walinawia mikono. Glavu zilizokwisha kutumika zilioshwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo, zikapakwa poda, zikarudi kazini. Siku ya kwanza niliona inzi ametua kwenye glavu mojawapo. Alitembea juu ya kidole mpaka kwenye ncha, akasimama hapo akijisugua miguu, na dada wa usafi akaikunja glavu ile pamoja na nyingine bila hata kumfukuza. Lakini fomu yangu haikuwa na mahali pa kumwandika inzi.

Kilichonichukiza zaidi ni maigizo. Wauguzi walijua sauti zao zinapewa alama, kwa hiyo walipaza sauti. Aliyeombwa mkasi alijibu, "Nimesikia mkasi, afande, naleta mkasi, afande, huu hapa mkasi," na mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla ya kukata, karatasi moja ilisomwa kwa sauti: jina la mgonjwa, upasuaji anaofanyiwa. Kila mtu alipaswa kuitikia, "Sahihi." Waliitikia kwa zamu, wakitazamana machoni kama walivyofundishwa, na macho yao hayakuwa yakitazama kitu.

Sasa, kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Kila nyumba kuanzia Mahango hadi Nyakalengija ina binti wa pili, na mabinti wa pili wote wana jina moja. Mlimani hakuna anayepotea kwa ajili hiyo, kwa sababu hakuna anayetosheka na jina. Ukilitaja, unaulizwa: wa kwa nani? Unamtaja baba, unautaja mlima, na kila mtu anajua ni yupi. Karatasi iliyotoka Kampala ilikuwa na mstari wa jina la kwao na mstari wa jina la ubatizo, basi.

Asubuhi ile wodini walikuwamo wanawake wawili katika vitanda vinavyofuatana. Wote walikuwa mabinti wa pili, na wote walibatizwa kwa jina la mama wa Yesu. Wa Mahango alikuwa na mtoto mmoja na ngiri. Wa Muhokya alikuwa na watoto sita, alikuwa akitokwa damu mfululizo kwa miezi, na alikuwa amekubali kutolewa kizazi. Huyo wa Muhokya ndiye aliyekuwa wa kwanza kupasuliwa siku ile. Jina lilipoitwa mlangoni yeye alikuwa msalani. Wa Mahango alisikia jina lake, akainuka, akafuata.

Muuguzi wa zamu ya kuzunguka alikuwa mama mmoja wa tawi la Bwera, wa miaka arobaini hivi. Muuguzi wa kuzunguka havai glavu safi. Huyo ndiye anayeleta vitu, anafungua mlango, anawasha taa, anamshika mgonjwa mkono. Alikuwa Mkonzo, mwenye diploma yake na miaka mingi kazini, na hakuwa msemaji. Siku zilizotangulia alikuwa akifanya jambo kabla halijaombwa, kimya, na mkufunzi alikuwa amelalamika kwangu kwamba mtu asiyesema hana cha kupewa alama. Alikuwa akisomesha wanawe watatu kwa mshahara ule.

Msoma karatasi alikuwa mtoa ganzi, naye wa tawi la Bwera, lakini kwao hasa ni ng'ambo ya mpaka. Alimwinamia mgonjwa.

"Mama, jina yako ni hii?" Akalitaja, na la ubatizo pia.

Mgonjwa akakubali kwa kichwa.

"Iko yeye," akasema mtoa ganzi. "Kazi ni kutosha kizazi." Kwao kutosha ni kutoa.

"Sahihi," wakaitikia, mmoja baada ya mwingine. Hayo ya kizazi yalisemwa kwa Kiswahili, na mama yule hakukijua Kiswahili. Mkufunzi aliandika.

Sindano ya ganzi ya mgongo ilikwisha kuingia. Tumbo likapakwa dawa ya kahawia kuanzia kifuani hadi mapajani. Afande hakuweka hata kidole kwenye tumbo lile kulipapasa. Alikuwa akisimulia fahali aliyemnunua, jinsi muuzaji alivyomnywesha maji ya chumvi ili aonekane mnene. Mashuka ya kijani yakatandazwa. Muuguzi wa Bwera alikuwa kichwani mwa mgonjwa amemshika mkono, na kwa sauti ya chini, kama mtu yeyote wa mlimani anavyomsalimia mwenziwe, akamuuliza kwa Kikonzo: wewe ni wa kwa nani?

Nilisikia jibu. Mgonjwa alimtaja baba yake, akasema Mahango, kisha akauliza kama kinena kitamuuma sana ganzi itakapoisha.

Kabla sijamaliza kuelewa nilichokisikia, muuguzi alikuwa amesimama wima.

"Afande, tusimame kwanza."

Afande hakuinua uso. "Nani anasimamisha nani?"

"Huyu si yule wa kizazi. Yule ni wa Muhokya. Huyu ni wa Mahango, ana ngiri."

"Karatasi imesomwa ama haijasomwa?"

"Imesomwa."

"Jina ni yake ama si yake?"

"Ni lake, afande, lakini baba yake…"

"Mimi sipasui baba yake. Kisu."

Wakacheka ndani ya barakoa zao. Mtoa ganzi naye akadakia. "Weye uko muguzi ao uko shefu ya kijiji? Mutu alishakubali jina yake. Sindano ilishaingia, itatoka namna gani?"

"Anamuulizia baba," akasema afande, "pengine anataka kupeleka mahari."

Wakacheka tena, na yule kijana wa kike aliyekuwa akimpa daktari vyombo alicheka kwa sauti kuliko wote, macho yakimtazama mkufunzi. Mkononi tayari alikuwa amekishika kisu.

Muuguzi wa Bwera alizunguka meza kwa mwendo wa kawaida, akafika kwenye meza ndogo ya vyombo, na akaweka mkono wake mtupu juu yake.

Inabidi nieleze. Vyombo vya upasuaji hupikwa kwa mvuke, kisha hupangwa juu ya kitambaa safi, na hakuna ruhusa ya kuvigusa ila kwa glavu safi. Mkono mtupu ukigusa kimoja, vyote vimechafuka, na lazima virudi kwenye mvuke. Kwa upasuaji mkubwa kituo kile kilikuwa na seti moja tu iliyo tayari. Yeye hakuvipindua wala hakupiga kelele. Alitanua kiganja juu ya koleo na mikasi, na akakiacha hapo mpaka kila mtu akakiona.

"Sasa si safi," alisema. "Mpaka saa tano."

"Wewe mama una wazimu?"

"Labda, afande. Andikeni kwamba nimechafua mimi. Lakini kabla ya saa tano mtu aende wodini."

Nilisema kutoka pembeni, "Nami nimemsikia mgonjwa. Amesema Mahango, na amesema kinena." Mkufunzi alininyooshea kalamu ninyamaze. Mtazamaji hasemi, hiyo nayo iko kwenye mwongozo.

Mfagizi ndiye aliyekwenda wodini, kwa sababu hakuna mwingine aliyetoka. Alirudi akasema kuna mama wa Muhokya amekaa kitandani na gauni la upasuaji, anauliza kwa nini wamemruka.

Nilitegemea kitu fulani kitokee hapo. Sikujua ni kitu gani hasa, pengine mtu avue barakoa, pengine mtu aketi. Afande alivua glavu, akazitupa sakafuni, akaenda kwenye chumba cha kunawia, na tukasikia yai likigongwa kwenye ukingo wa sinki. Kijana wa vyombo alianza kukusanya vyombo. Mama wa Mahango alibaki amelala, tumbo limepakwa dawa, miguu imekufa ganzi, akageuza kichwa akauliza kwa Kikonzo kuna nini.

Mtoa ganzi, ambaye Kikonzo alikijua vya kutosha, alimjibu kwa lugha hiyohiyo, "Umeme umekatika, mama." Taa kubwa ya upasuaji ilikuwa inawaka juu ya uso wake.

Nimekaa na watu wengi wabaya, kambini na nje ya kambi. Sijawahi kusikia uongo uliotolewa kwa uvivu kama ule. Hakujali hata uaminike.

Muuguzi wa Bwera akarudi kichwani mwa yule mama, akamwambia ukweli kwa Kikonzo, sentensi mbili au tatu, bila kuupamba. Mama yule hakulia. Alipitisha mikono chini ya shuka la kijani, akaiweka juu ya tumbo lake la chini, juu ya dawa ile mbichi, na hata walipomhamishia kwenye kitanda cha magurudumu hakuitoa. Vidole vyake vilipita mlangoni vikiwa vya kahawia.

Vyombo vikapikwa upya. Wa Muhokya akapasuliwa mchana, salama. Wa Mahango alishonwa ngiri yake siku mbili baadaye, baada ya ndugu zake kumi na zaidi kuja kukaa barazani. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alimuuliza kila mfanyakazi aliyepita yeye ni wa kwa nani.

Siku ile ya mkasa, mkufunzi alinipeleka kula ili tulinganishe alama. Aliagiza samaki mzima, yule wa ziwani, aliyekaangwa mpaka mapezi yakawa magumu, na fomu akaziweka mezani kando ya sahani. Alikuwa mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na aliniita mzee kwa adabu. Tulizungumza Kiingereza, naandika hapa nilivyoelewa.

"Mzee, ushirikiano umempa ngapi?"

"Nne."

"Mimi moja. Na utulivu?"

"Nne."

"Moja." Akavunja kichwa cha samaki, akakinyonya. "Mwongozo unataka muuguzi apande ngazi. Kwanza adokeze. Halafu aulize. Halafu aeleze wasiwasi wake. Mwisho amwite mkubwa. Yeye kadokeza, karuka mpaka kuharibu vifaa."

"Mkubwa wa kumwita alikuwa nani?"

"Daktari."

"Daktari ndiye aliyekuwa anaomba kisu."

Akacheka, akachokonoa mwiba kwenye jino kwa ukucha. "Unachanganya matokeo na mwenendo, mzee. Sisi tunapima mwenendo."

"Na wale walioitikia sahihi?"

"Walitazamana. Kila mmoja alisubiri zamu yake. Sauti zilisikika. Nimewapa nne, yule binti wa vyombo na wenzake." Aliligeuza jani la fomu kwa kidole gumba, na mafuta ya samaki yakaacha doa juu ya safu ya mgonjwa. Alilifuta kwa kitambaa cha karatasi, likapanuka. "Kwa kweli somo limewaingia."

Mbele yangu kulikuwa na matoke na mchuzi. Nilisukuma sahani. Nikamwonyesha ukurasa wa mwongozo unaosema watazamaji wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, na wasipoafikiana, aletwe wa tatu. Akasema pesa ya wa tatu haikupangwa. Akajumlisha zangu na zake, akagawa kwa mbili, na wastani wa muuguzi wa Bwera ukaja mbili na nusu. Niliandika chini ya jina langu kwamba sikubaliani na kwa nini. Mkufunzi alisoma, akaniambia Kiingereza changu ni kizuri.

Wiki iliyofuata nilishuka Bwera na matokeo. Nilimwomba mwenye mali anisikilize kabla hajamwita mtu, nikamsimulia yote kwa mpangilio: jina lililoitwa mlangoni, karatasi, jibu la mgonjwa, mkono. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Nje ya dirisha malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani Mpondwe.

"Nimekuelewa," alisema. "Wewe si mtu wa kuongeza chumvi. Lakini fikiri na mimi. Kama huyu mama alikosea, kosa ni moja, na ni lake. Kama hakukosea, basi wote waliokuwamo chumbani wamekosea, na chumba ni changu. Nani ataniletea mke wake?"

Nilimwambia hilo si jibu la swali la nani alikosea.

"Najua," alisema. "Mimi sikuulizwa swali hilo. Mimi nimeletewa mbili na nusu."

Akamwita. Muuguzi aliingia na gauni la kawaida, mkoba kwapani, akaketi alipoonyeshwa. Mwenye mali alimwagiza mtu chai. Alizungumza naye kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonifanya nitazame sakafu.

"Sista, mimi sina ubaya na wewe. Wataalamu wamepima."

"Nimesikia, mzee. Yule mama anaendeleaje?"

"Mama yupi?"

"Wa Mahango."

"Alishonwa, akarudi kwao. Hajambo."

"Alishonwa ngiri?"

Mwenye mali alikunja uso. "Ngiri, ndiyo."

"Basi vizuri," alisema, akanywa chai yake.

Mhasibu akaingia na karatasi ya mshahara wake wa mwisho. Hasara ya asubuhi ile ilikuwa imekatwa humo: gesi ya mashine ya mvuke, jozi za glavu, dawa ya kupaka tumbo, ufuaji wa mashuka ya kijani, na sindano moja ya ganzi ya mgongo. Aliisoma polepole kutoka juu hadi chini, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii ya sindano si yangu," alisema. "Iliingia mgongoni kabla sijasema neno. Hayo mengine sawa, ni mkono wangu."

Mhasibu alimtazama mwenye mali. Mwenye mali alikuwa akitazama malori.

"Iache tu humo," alimwambia mhasibu.

Muuguzi aliomba kalamu. Nilimpa yangu. Alitia sahihi, akahesabu noti alizopewa, akaziweka kwenye mkoba, akatuaga wote watatu kwa utaratibu, mwenye mali kwanza. Pamoja na ile sindano, walimkata shilingi elfu themanini na sita na mia tano.